Upepo au jua: kipi kinalipa?

Kwa mwenye nyumba au duka anayetaka kuzalisha umeme wake, ubishi huu ni mfupi: jua. Paneli hazina sehemu inayozunguka, hukaa juu ya paa, na nyingi huja na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25. Matunzo makubwa ni kufuta vumbi. Bei yake nayo ilishuka kwa takribani asilimia 90 kati ya 2010 na 2020. Kipangaboi kidogo cha upepo juu ya paa, kusema kweli, mara nyingi ni pambo. Upepo unaopita kwenye majengo ni dhaifu na umevurugika.

Kwenye gridi ya taifa hesabu hubadilika. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu iliyomo huwa mara 8. Ndiyo maana minara hurefushwa kufuata upepo wenye kasi zaidi huko juu, na ndiyo maana kukosea kidogo kupima upepo wa eneo kunaweza kuua mradi mzima. Penye upepo wa uhakika, mitambo huzalisha hata usiku, na ardhi iliyo chini yake huendelea kulimwa. Ila giaboksi na mapanga huchakaa, na kukodi kreni ya kufika huko juu si gharama ya mchezo.

Wanaolalamika kwamba vyote viwili havitabiriki wana hoja nusu. Machweo yanajulikana, kwa hiyo betri ya saa chache hulisaidia jua vizuri. Upepo unaweza kutulia siku kadhaa. Eneo likiwa na vyote, mimi ningejenga vyote na kuvipitisha kwenye laini moja ya umeme.