Skana ya gari ya bei nafuu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Taa ya cheki injini kwenye Toyota IST yangu iliwaka siku narudi kutoka Bagamoyo. Kesho yake fundi akachomeka mashine chini ya usukani, akaikodolea macho dakika mbili, akanigeukia: "Bosi, sensa ya oksijeni imekufa hiyo." Nikalipa 30,000 ya kupima, nikanunua sensa, taa ikazimwa. Siku ya tatu ikawaka tena. Nikalipa tena kupima. Safari ya tatu nilienda kwa fundi mwingine, yeye akanionyesha kodi yenyewe (kodi hapa si ile ya TRA, ni namba ya hitilafu). Ilikuwa P0171: injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Sensa hata hakuigusa. Alifungua boneti, akaupinda ule mpira wa hewa unaotoka kwenye boksi la chujio, na katikati ya mikunjo yake ukafunguka mpasuko wa upana wa kucha ya kidole gumba. Hewa ilikuwa inajipenyeza pale bila kupimwa.

Mashine ya kwanza haikusema uongo. Sensa ilikuwa inaripoti hewa iliyozidi, ikaadhibiwa kwa kuleta habari. Tangu siku ile natembea na skana yangu, yaani kidude cha kusoma kodi hizo, na nimeshanunua za kutosha kujua ipi ni pesa na ipi ni pambo.

Kabla ya duka, piga magoti

Wengi wetu tunaendesha magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, na hapo ndipo maelezo ya kwenye maboksi ya skana yanapotuacha. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD2 (utaratibu mmoja wa gari kujipima na kutoa kodi zake) kwa magari madogo ya mwaka 1996 na kuendelea. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Japani ilichelewa kuufanya wa lazima nyumbani kwake hadi mwaka 2008. Kwa hiyo Vitz ya 2003 au Spacio ya 2001 inaweza kuwa na soketi ile ile ya pini 16, lakini ndani yake inaongea lugha ya kwao. Unachomeka, taa inawaka, simu inasema imeunganishwa, halafu hakuna kinachosomeka. Unadhani skana mbovu, kumbe hawaelewani.

Kwa hiyo anza na gari, si na skana. Chuchumaa upande wa dereva, piga tochi ya simu chini ya dashibodi, tafuta soketi. Ina upande mpana na upande mwembamba. Ukiuchukulia ule mpana kuwa juu (kwenye magari mengine imefungwa kichwa chini), safu ya juu inahesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini 9 hadi 16. Tazama tundu la 6 na lile lililo chini yake kabisa, la 14. Kama yote mawili yana chuma ndani, gari lina mfumo wa CAN (njia mpya zaidi ya gari kuongea na skana) na uwezekano wa kusomwa na skana yoyote ya maana ni mkubwa. Kama hayana kitu na chuma kipo kwenye tundu la 7, gari lako ni la K-Line (njia ya zamani, ya waya mmoja), na hapo ndipo skana za bei ya chipsi zinapoumbuka. Nissan za zamani wakati mwingine zina soketi ya kijivu ya pini 14 ya Consult, mfumo wa Nissan wenyewe, ambayo ni habari nyingine kabisa. Na kama una Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, funga simu ukapumzike: pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, hakuna kompyuta ya injini ya kuiuliza.

Ya kwanza: adapta nzuri ya Bluetooth na simu yako

Kwa mwenye gari wa kawaida, chaguo langu la kwanza ni Vgate iCar Pro, ile ya BLE 4.0 (Bluetooth inayotumia umeme kidogo). Ni kidude kidogo kama kiberiti, kinachomekwa kwenye soketi, kazi yote inafanyika kwenye simu. Dukani utazungushwa kati ya 60,000 na 100,000 kutegemea sura yako. Angalia boksi vizuri, kwa sababu jina hilo lina ndugu watatu: ya Bluetooth 3.0 inafaa Android tu, ya BLE inakubali Android na iPhone, na ya Wi-Fi nayo inafanya kazi lakini inaiteka simu, maana ukiiunganisha simu inaweza kukosa intaneti wakati huo. Mtu wa iPhone akiuziwa ya Bluetooth ya kawaida amepata kishika funguo.

Programu ninayoitumia ni Car Scanner. Ya bure inatosha kusoma na kufuta kodi, na ndani yake unachagua aina ya gari, zikiwemo Toyota za soko la Japani. IST yangu ilifunguka hapo, baada ya kuninyima salamu kwenye programu nyingine mbili. Torque nayo ni nzuri kwa Android, ila kwa gari la K-Line inataka uingize maagizo kwa mkono, na si kila mtu ana subira hiyo.

Faida hasa ya kuwa nayo ni kupima bila haraka. Mfano: gari linatetemeka ukiwa kwenye foleni, kodi inasema P0302, yaani silinda ya pili haichomi vizuri. Usikimbilie kununua koili. Zima injini, chomoa koili ya silinda ya pili uihamishie ya tatu, ya tatu uilete ya pili. Futa kodi, zunguka mtaa. Ikirudi kama P0303, koili ndiyo mgonjwa, amehama na ugonjwa wake. Ikibaki P0302, hamia kwenye plagi kwa mtindo ule ule. Kazi ya dakika ishirini kwa spana namba kumi, na hakuna gereji itakayokufanyia hivyo siku ya Jumamosi yenye magari kumi na mawili nje.

Kabla ya kufuta kodi yoyote, piga picha ya kioo cha simu. Kompyuta ya gari huhifadhi hali ilivyokuwa hitilafu ilipotokea: mzunguko wa injini, joto, mwendo. Ukifuta, na hiyo inaondoka. Fundi akikuuliza ilikuwaje utabaki kusema "ilikuwa tu inatembea."

Ya pili: ya mkononi, yenye kioo chake

Kuna watu hawataki habari za simu, na siwalaumu. Baba mkwe wangu ni mmoja wao. Kwake nilimnunulia Konnwei KW850, na ndugu yake wa karibu ni Autel AL319. Zote zina waya, unachomeka, zinachukua umeme wa gari lenyewe, hazina betri ya kuchaji wala akaunti ya kufungua. Zinasoma kodi, zinafuta, zinaonyesha takwimu injini ikiwa inaunguruma. Bei inaanzia kama 120,000 na kupanda.

Kasoro yake ni mbili. Zinasoma injini tu: taa ya ABS au ya airbag ikiwaka, hazina cha kukuambia. Na kwa Toyota ya Japani ya miaka ya mwanzo ya 2000 zinaweza kukataa kabisa, wala hakuna sehemu ya kuchagua lugha nyingine kama kwenye simu. Kwa gari la 2010 kuja juu, kwa mtu mzima asiyependa usumbufu, ningeiweka ya kwanza.

Ya tatu: ThinkDiag, kama mnachanga

Hii inaingia hadi kwenye ABS, airbag na giaboksi, na kwa magari mengi inaweza kuagiza vitu vifanye kazi, kwa mfano kuwasha feni ili uone kama inazunguka. Ni adapta ya Bluetooth inayotumia simu au tableti. Mtu mwenye gari moja ataitumia mara tatu kwa mwaka. Ndugu wawili, au watu wa kikundi wenye magari matano, hapo hesabu inakubali.

Muulize muuzaji swali moja tu: programu inalipiwa kwa muda gani, na ya magari yapi? Leseni ya skana za aina hii huisha. Mwaka ukipita unabaki na kidude kinachokuomba pesa. Muuzaji akijibu "ni ya maisha, kaka," mwambie aandike kwenye risiti.

OBDLink MX+ ni kifaa bora kuliko vyote nilivyovitaja, chipu yake ni imara na haikatikikatiki. Ila inavuka dola 100 bado haijafika bandarini, nami niliahidi bei nafuu.

Ya mwisho: kile cha bluu

Unakijua. ELM327 mini, rangi ya bluu inayopitisha mwanga, 20,000 au chini, kila kibanda cha Kariakoo kinacho. Chipu halisi ya ELM327, ile inayotafsiri lugha ya gari kwa simu, ilitengenezwa na Elm Electronics ya Kanada, kampuni iliyofunga milango mwaka 2022. Toleo la kwanza halikuwekewa kinga ya kunakiliwa, basi likanakiliwa na dunia nzima. Hivi vya bluu vingi vimeandikwa "v1.5", toleo ambalo Elm yenyewe haikuwahi kulitoa. Vingine vinajiita v2.1 na ndivyo vibaya zaidi, kwa sababu maagizo mengi haviyaelewi, hasa yale ya K-Line. Kwenye gari la CAN kinaweza kukupa kodi ukiwa na bahati. Cha kwanza nilichonunua kilidumu wiki mbili, kikaanza kunuka plastiki ya moto, nikakichomoa kwa kitambaa.

Kwa Toyota ya zamani, kipande cha waya kinakishinda. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu la 4 na la 13, kisha fungua swichi bila kuwasha injini, hesabu jinsi taa ya cheki injini inavyopepesa. Mapepeso ya kwanza ni makumi, inapumzika, yanayofuata ni mamoja. Ikipepesa haraka bila kukoma, hakuna kodi. Tundu la 16 usiliguse kabisa: lina umeme wa betri muda wote, hata funguo ukiwa mfukoni.

Umeme huo huo ndio sababu ya kutoacha skana yoyote imechomekwa gari likilala. Na ndiyo sababu unaweza kuijaribu hapo hapo dukani. Usiende kununua kwa bodaboda, nenda na gari. Mwambie kijana wa dukani atoke nje na boksi, achomeke, fungua swichi, subiri programu isome namba ya mzunguko wa injini. Washa, kanyaga mafuta kidogo, uone namba inapanda pamoja na sauti. Inachukua dakika tano. Nimeshakataliwa mara mbili kwamba "boksi likifunguliwa limeuzwa." Duka la tatu kijana alitoka na boksi mbili, akasema moja huwa inagoma kwenye IST, tujaribu zote.