Uzoefu wangu: kugeuza mafaili ya MTS ya kamera kwa FFmpeg na HandBrake

Wadau mnaopiga harusi na sendofu kwa zile kamera za mkononi, hii inawahusu. Kamera yangu ni ya AVCHD, ile fomati ya Sony na Panasonic ya tangu 2006, inaandika mafaili ya .MTS ambayo ukiyafungua kwa VLC yanacheza fresh kabisa, ila ukiyatupia kwenye programu ya kueditia, picha inakuja saundi haiji, au faili zima linakataliwa. Sasa mara nyingi picha haina shida yoyote, ni H.264 ya kawaida tu (namna ya kubana picha), anayegoma ni saundi kwa sababu kamera hizi nyingi zinarekodi AC-3 ya Dolby (namna ya kubana saundi) na kuna programu za kueditia ambazo haziisomi.

Konveta za bure za kudownload nimepitia, kuna moja siitaji jina ilinitolea sendofu nzima na jina lao limekaa kifuani kwa bi harusi mwanzo mwisho, ukitaka litoke ulipe dola. Zile za kuapload mtandaoni ndo kabisaa, klipu moja GB 2, hilo bando ananunua nani?

Ninayotumia sa hivi ni FFmpeg. Ya bure, ipo tangu 2000, haina vitufe wala nini, unaandika amri kwenye ile skrini nyeusi na hapo ndo watu wanapokimbia. Jamani msikimbie, amri yenyewe ni hii:

ffmpeg -i 00012.MTS -c:v copy -c:a pcm_s16le 00012.mov

Hiyo copy ndo utamu wote. Picha haiguswi, inatolewa kwenye MTS inawekwa kwenye MOV vilevile ilivyo, kama kumimina mchele kutoka kiroba kwenda kwenye ndoo, kinachobadilishwa ni saundi tu inakuwa PCM, yaani saundi isiyobanwa, ambayo sijaona programu inaikataa. Kwa hiyo ubora haushuki hata kidogo na kasi yake ni karibu sawa na kukopi faili kutoka folda moja kwenda nyingine, wakati konveta za kawaida zinapika picha upya na laptopu inanguruma usiku kucha. Ukiwa na klipu nyingi, kwenye Windows fungua cmd ndani ya folda yao uandike

for %a in (*.MTS) do ffmpeg -i "%a" -c:v copy -c:a pcm_s16le "%~na.mov"

afu nenda kapate chai.

Kitu kimoja wengi hawakiangalii: kamera hukata rekodi ndefu vipande vipande, maana memori kadi ya FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4 na kamera nyingine zinakata mapema zaidi. Ukikonveti kila kipande peke yake, pale kwenye maungio saundi inaweza kukatika kidogo, na bahati mbaya huwa ni katikati ya hotuba ya baba mzazi. Unganisha kwanza: copy /b 00012.MTS+00013.MTS pamoja.MTS, ndo ukonveti hiyo pamoja. Na kabla ya yote kopi folda zima la PRIVATE la kwenye kadi uliweke kwenye hadi diski, usichomoe tu yaliyomo ndani ya STREAM (folda la ndani lenye zile MTS) halafu ukafomati kadi.

HandBrake nayo naiheshimu, ina dirisha lake zuri na ni ya bure, ila yenyewe lazima ipike picha upya, haina njia ya kupitisha tu. Naitumia video ikiwa 50i, ile ambayo watu wakianza kucheza singeli unaona mikono imechanika mistari mistari kama kitana, na programu yako ya kueditia haiwezi kuitoa. Nenda Filters uwashe Deinterlace, halafu kwenye Video chagua Constant Framerate (idadi ya picha kwa sekunde isiyobadilika), hiyo usiiruke, ukiiacha ile nyingine inayopanda na kushuka mdomo wa MC na sauti yake vinaweza kuachana kadiri video inavyoenda. Ubora mimi naweka RF 18 (RF ndo kipimo cha ubora cha HandBrake), namba ikiwa ndogo picha ndo inakuwa nzuri na faili linanenepa.

Wenye laptopu dhaifu mtashauriwa mgeuze kila kitu kuwa DNxHD au ProRes, fomati za kueditia zenye mafaili makubwa, ili kukata kuwe kwepesi. Ni kweli kunakuwa kwepesi, ila pigeni hesabu: AVCHD ya Mb 24 (megabiti, siyo megabaiti) kwa sekunde saa moja ni kama GB 11, DNxHD ya Mb 120 saa hiyohiyo ni GB 54. Harusi ya saa sita hiyo diski utaipata wapi. Bora proksi, yaani kopi ndogo nyepesi za kukatia tu, mwishoni unarudisha mafaili halisi.

Na wenye JVC Everio za zamani zenye .MOD, nyie hamhitaji hata konveta, ile ni MPEG-2, badilisha tu mwisho wa jina uwe .mpg. Watu wakionekana wembamba, weka 16:9 kwenye programu ya kueditia.