Mashine ya Kukausha Hewa: Wiki Tatu Chumbani Kwangu, Kakamega

Karibuni watazamaji. Niko Kakamega, mvua imeshika kweli kweli, na leo nataka tuzungumze kuhusu mashine hii hapa ya kuondoa unyevu ndani ya nyumba. Nimekaa nayo wiki tatu. Niliinunua kwa pesa yangu, hakuna aliyenilipa niisifu.

Kwanza tazameni leso hii. Ngoja niisogeze karibu. Mnaviona hivi vidoa vyeusi kwenye pindo? Hiyo ni kuvu. Leso hii alinipa mamangu nilipojifungua. Niliifua, nikaianika ikakauka kabisa, nikaikunja nikaiweka kabatini. Haijaguswa na tone la mvua, lakini miezi miwili baadaye nimeitoa ikiwa hivi, inanuka udongo. Na mwanangu ana pumu, na kitanda chake kiko hatua tatu tu kutoka kabati hilo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likavihusisha na kikohozi na pumu. Kwa hivyo mimi hapa sitetei nguo peke yake.

Haya, inafanyaje kazi? Kama umewahi kulala nyumba ya mabati isiyo na dari, unaijua tayari. Alfajiri tone linakuangukia usoni, unatoka nje unakuta hakujanyesha. Mabati yalipoa usiku, pumzi za waliolala zikapanda na mvuke wake, zikagusa ule ubaridi zikageuka maji. Mashine hii imebeba mabati yake tumboni.

Nitoe kichujio muone. Hapa nyuma kuna mirija yenye mapezi membamba ya alumini. Kompresa, kama ile ya friji, inazungusha gesi mpaka mirija hii inakuwa baridi. Feni inavuta hewa ya chumba ipite katikati ya mapezi. Siku niliyoiwasha, chumba kilikuwa na nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 80. Hewa ya namna hiyo ikipozwa chini kidogo ya nyuzi 17, haiwezi tena kubeba maji yake yote. Na hapa ni baridi kuliko hapo. Oneni hili tone: linakua, linanenepa, linateleza, limeingia kwenye ndoo. Baada ya hapo hewa ile ile inapitishwa kwenye mirija ya pili, yenye moto, ndipo inatoka mbele ikiwa kavu. Nikiweka mkono hapa nasikia vuguvugu.

Sasa hili ndilo lililonishangaza. Siku ya kwanza nilimwaga lita tatu na nusu. Nikakaa nikapiga hesabu. Chumba ni mita 3 kwa 4, na kimo chake ni kama mita 2.7. Mvuke wote uliokuwa kwenye hewa ya chumba hiki haufiki hata nusu lita! Lita tatu zilizobaki zimetoka wapi? Ukutani. Kwenye godoro, mapazia, nguo za kabatini. Hewa ikikauka, vitu hivyo vinaanza kuachilia maji viliyonyonya kwa miezi, na mengine yanaingia kwa pumzi zetu na chini ya mlango. Ndiyo maana ukiiwasha saa moja ukaizima, hujafanya kitu. Kipimo kitashuka, kisha ukuta utakirudisha pale pale. Mimi ilinichukua siku tano kabla ya kukaa kwenye asilimia 58 bila kupanda. Nataka ibaki chini ya 60, kwa sababu juu ya hapo kuvu inastawi. Kushuka sana zaidi ya hapo ni kuchoma tokeni bure.

Kuhusu stima: yangu imeandikwa wati 210. Kwa saa kumi ni kama yuniti mbili. Zidisha na bei unayonunulia tokeni, uamue kama mfuko wako unakubali.

Na msidanganywe na katoni. Imeandikwa lita 12 kwa siku, lakini kipimo hicho kwa kawaida hufanywa kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Chumba chenye baridi kitakupa maji machache zaidi. Nilianza na ile ndogo isiyo na kompresa, yenye kibamba kinachopoa upande mmoja na kupata moto upande wa pili. Kutwa kucha ilinipa kikombe kimoja cha chai. Ya sanduku la viatu, sawa. Ya chumba, hapana, usitupe pesa.

Mtu wa Kisumu, nisikilize. Mashine hii haitoi joto nje kama kiyoyozi, inalibakisha humo humo. Hapa kwangu chumba kimepanda kutoka nyuzi 20 hadi 23, na usiku wa Kakamega tunashukuru. Kule karibu na ziwa, kwenye joto lenu la usiku, utalala unatokwa na jasho. Kiyoyozi kitakufaa zaidi, nacho pia kinakamua maji hewani. Yale yanayodondoka kwenye bomba lake nje ndiyo hayo hayo.

Funga dirisha ikiwa inafanya kazi, la sivyo unakausha mji mzima. Na kama paa linavuja au maji yanapanda kutoka msingini, mwite fundi kwanza. Jirani yangu alitaka kuiazima kwa sababu ukuta wake umeloa, tukaenda tukakuta bomba la bafu limepasuka ndani ya ukuta.

Maji haya msinywe, yamepita kwenye vumbi na chuma. Mimi napigia deki. Kichujio naosha kila wiki mbili. Na ukiisafirisha ikalala kwenye matatu, isimamishe wima saa kadhaa kabla ya kuiwasha, mafuta yarudi kwenye kompresa.

Leso nimeiloweka mara mbili. Vidoa vya pembeni vimefifia, hivi viwili vya katikati vimekataa. Ila harufu imetoka, na nimeirudisha kabatini.