ZZ au Monstera: Ipi Inafaa Nyumbani Kwako?
Kati ya mimea hii miwili ya kupamba ndani ya nyumba, penye mwanga hafifu ZZ haina mpinzani. Asili yake ni huku huku kwetu, kuanzia Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini, na imezoea kiangazi: mashina yake ya chini ya udongo, mfano wa viazi, huhifadhi maji. Ukisafiri wiki tatu utaikuta inang'aa. Kinachoiua ni maji mengi, hivyo acha udongo ukauke kabisa kabla ya kumwagilia tena.

Monstera, ya misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, inadai zaidi: dirisha angavu lisilopigwa na jua kali, nguzo ya kupandia, nafasi, na majani kufutwa vumbi. Lakini inakua haraka, na majani yale yaliyotobokatoboka hayana mfano. Hata kwa gharama inaweza kushinda, maana kipande cha shina chenye kifundo (pale jani linapochipukia) huota mizizi majini ndani ya wiki chache, ilhali jani la ZZ huchukua miezi.

Mpangaji mwenye dirisha dogo achukue ZZ. Mwenye sebule angavu na muda, Monstera. Mwenye mtoto anayetambaa aziweke juu zote mbili, kwani utomvu wake huwasha mdomo.