Kurudi zamani ao shairi ya kisiwa: uandike nini?

Hapa Bukavu, sisi benye tunapenda kuandika, hii mabishano haiishake: hadithi ya mutu anarudi zamani, ao mashairi ya maisha ya Idjwi, kile kisiwa cha Ziwa Kivu?

Tuanze na wakati. Shairi unaweza kuimaliza ndani ya pirogi mbele ufike, hadithi inaomba miezi na kichwa yenye kutulia.

Kwa upande wa makosa, njo kwenye hadithi inasumbua sana. Tuseme mutu wako anarudi Goma, mbele ya tarehe 17 Januari 2002, anaambia batu Nyiragongo, ule mulima wa moto, itatapika, banakimbia, basi nani sasa atakumbuka ule moto ambao njo ulimufanya arudi? Ukikosa jibu, musomaji anakuacha. Na historia nayo haisamehe: ukimupeleka Idjwi mwaka 1940 akule sambaza, ile samaki ndogo, umeshaharibu yote, juu sambaza ilitoka Ziwa Tanganyika, bakaileta Ziwa Kivu mu miaka ya 1950, na mimi kosa ya vile inaniumiza kabisa.

Shairi haina hiyo shida, lakini nayo iko na yake: mawimbi, mwezi, mitumbwi, kila mutu ameisha kuyasema. Inaomba ujue taa za bavuvi usiku, harufu ya kahawa inakauka, mama anangojea boti yenye imechelewa.

Kama uko na nyanya mwenye anakumbuka mambo, andika hadithi, umuulize leo. Kama ulikomalia kisiwani, ao unapanda boti kila juma, shairi iko tayari mukononi.