Moduli ya GPS NEO-6M kwa somo la uhusianifu: inachoonyesha na isichoweza kuonyesha

NEO-6M ya u-blox, kampuni ya Uswisi, ni ile bodi ndogo yenye antena ya kauri ya mraba inayopatikana karibu kila duka linalouza vifaa vya Arduino, zile bodi ndogo za kompyuta za kujifunzia. Wengi huifunga kwenye droni au kwenye kifaa cha kufuatilia gari. Hapa tunaipima kwa kazi nyingine: je, inamfaa mwalimu au mwanafunzi anayetaka kuishika kwa mkono nadharia ya uhusianifu ya Einstein, yaani saa kwenda kwa mwendo tofauti na kasi ya nuru kutobadilika? Inafaa, tena sana, lakini si kwa namna wanunuzi wengi wanavyodhani.

Tuanze na kuiunganisha. Bodi inayouzwa sana, GY-NEO6MV2, ina pini nne: VCC (umeme), RX (kupokea data), TX (kutuma data) na GND (ardhi). Chipu yenyewe inataka volti 2.7 hadi 3.6. Bodi ina kidhibiti chake cha umeme, kwa hiyo VCC hustahimili volti 5, lakini pini ya RX isipewe ishara ya volti 5 moja kwa moja kutoka Arduino Uno. Weka vipingamizi viwili vya kuipunguza. Ukiiunganisha na kompyuta kwa kibadilishi cha USB, TX ya moduli iende RX ya kibadilishi, na kinyume chake. Mwendo wa data ni biti 9600 kwa sekunde. Ikiwa nje, penye anga wazi, hupata mahali ilipo kwa sekunde 27 hivi tangu kuwashwa ikiwa baridi, yaani bila kumbukumbu yoyote ya setilaiti. Chini ya paa la bati usisubiri, toka nje.

Taa ndogo ikianza kupepesa mara moja kwa sekunde, huo ndio mpigo wa saa, PPS. Kwenye bodi hii mpigo hauna pini yake. Anayeutaka lazima alehemu waya kwenye upande wa taa. Ni kazi ya mkono mtulivu na ncha nyembamba ya pasi ya lehemu. Usahihi wake unaotajwa na kiwanda ni nanosekunde 30, na mpigo husogezwa kwa hatua za nanosekunde 21.

Hapo ndipo kosa kubwa la kwanza linapoingia. Mtu akisoma "nanosekunde 30" huwaza: nichukue moduli mbili, moja ibaki ufukweni Tanga, nyingine niipandishe Kilimanjaro, kisha nilinganishe. Hesabu yake si mbaya. Kwenye mita 5,895 saa hutangulia ile ya usawa wa bahari kwa nanosekunde 55 hivi kila siku, kwa kuwa juu uvutano umelegea. Lakini moduli haina saa ya kutangulia. Mpigo wake hurekebishwa kila mara ufuate wakati wa setilaiti, kwa hiyo ya Tanga na ya kileleni zitapiga pamoja leo, kesho na mwakani. Jaribio hilo linataka saa ya atomu inayokwenda yenyewe bila kurekebishwa na mtu.

Saa iliyo ndani ya NEO-6M ni kristali ya kawaida, na u-center, programu ya bure ya kompyuta kutoka u-blox, itakuonyesha tabia yake. Fungua ujumbe wa NAV-CLOCK, tazama mstari wa mwendo wa saa, unaohesabiwa kwa nanosekunde kwa sekunde. Kristali iliyopotoka sehemu moja tu kwa milioni itasomeka 1,000. Sasa weka kidole juu ya kifuniko cha chuma cha chipu. Baada ya sekunde chache namba inaanza kusogea, kwa joto la kidole tu. Tofauti ya mwendo inayoletwa na uhusianifu kwa saa ya setilaiti ni nanosekunde 0.45 hivi kwa sekunde. Jambo unalolitafuta ni dogo mara elfu mbili kuliko kasoro ya kristali. Kwa somo la darasani, dakika hizi tano peke yake zinatosha kuhalalisha ununuzi.

Hiyo 0.45 inatoka wapi? Setilaiti za GPS ziko kimo cha kilomita 20,200 na zinakwenda karibu kilomita 3.9 kwa sekunde. Mwendo huo unaichelewesha saa kwa mikrosekunde 7 kila siku. Uvutano uliolegea unaitanguliza kwa mikrosekunde 45 na ushei. Jumla, saa ya setilaiti inatangulia kwa mikrosekunde 38. Wengi wamekariri kwamba kinachokwenda kasi huchelewa, basi wanasema saa za angani zinachelewa. Inategemea kimo. Kituo cha Anga cha Kimataifa, kilomita 400 tu juu yetu, huchelewa kweli, takriban mikrosekunde 25 kwa siku. Kwenye obiti ya duara yenye kimo cha kilomita 3,200 hivi, athari hizo mbili hufutana. Juu ya hapo uvutano ndio unaoshinda.

Dawa ya hizo 38 huwekwa kabla ya setilaiti kurushwa: badala ya megahezi 10.23, saa hupangwa ipige 10.22999999543. Mwaka 1977 setilaiti ya majaribio NTS-2 ilirushwa marekebisho yakiwa yamezimwa, na kwa siku 20 saa yake ilipimwa. Ilitangulia sehemu 442.5 kwa trilioni. Nadharia ilitabiri 446.5.

Kuna sentensi inayorudiwa kila mahali: bila Einstein, GPS ingepotea kilomita 11 kila siku. Mikrosekunde 38 ukizidisha kwa kasi ya nuru ni kilomita 11 kweli. Lakini kipokezi hakijui saa yake ilivyo, kwa hiyo hutafuta mambo manne kwa pamoja: latitudo, longitudo, kimo na kosa la saa yake. Kosa linalofanana kwenye setilaiti zote huishia kwenye hilo la nne, mahali pako pakabaki karibu palepale. Kitakachoharibika ni wakati wenyewe, na mitandao ya simu na umeme inayoutegemea ingeumia. Tafadhali walimu, sentensi hiyo iachwe.

Kisichofutika ni kile kinachotofautiana kati ya setilaiti na setilaiti, na hapa moduli inang'aa. Obiti si duara kamili, hivyo saa huenda haraka na polepole kwa zamu kila mzunguko wa saa 11 na dakika 58. Kipokezi ndicho kinachosahihisha, kwa kanuni Δt = F·e·√A·sin E, ambapo F ni −4.442807633 × 10⁻¹⁰, e ni kiasi ambacho obiti imekosa uduara, A ni nusu ya mhimili mrefu wa obiti kwa mita, na E ni pembe inayoonyesha setilaiti iko wapi kwenye obiti. Omba ujumbe wa AID-EPH, unaobeba data za obiti zinazotangazwa na setilaiti, chukua fremu ndogo ya 2, ambayo imegawanywa katika maneno ya biti 24 za data. Biti 8 za mwisho za neno la 6 ukiziunga na 24 za neno la 7, zidisha kwa 2⁻³³, unapata e. Neno la 8 na la 9 vivyo hivyo, kwa 2⁻¹⁹, unapata √A. Isipokaribia 5,153 umekosea kukata biti. M0, pembe ya kuanzia ya setilaiti, iko kwenye neno la 4 na la 5, kwa 2⁻³¹, na lazima uizidishe kwa π, jambo linalosahaulika kuliko yote. Isogeze hadi wakati wako upate M, kisha tafuta E kwa kurudia M + e·sin E mara tatu. Kwa e ya 0.01, saa inayumba hadi nanosekunde 23 kila upande, sawa na mita 7 za umbali. Hizo ni namba zilizotoka angani dakika hiyohiyo, si mfano wa kitabuni.

Onyo moja: moduli ikiwashwa baada ya muda mrefu, saa yake inaweza kuruka sekunde chache ndani ya dakika 12 na nusu za kwanza. Huo si uhusianifu. Wakati wa GPS umeupita UTC, wakati rasmi wa dunia, kwa sekunde 18 tangu 2017, na moduli inasubiri setilaiti ziitangazie hesabu hiyo.

Inaposhindwa kabisa NEO-6M ni kwenye somo la kasi ya nuru, nasi wa ikweta ndio tulio mahali pazuri pa kulifundisha. Nanyuki (Kenya) au Kayabwe (Uganda), ardhi inatubeba kuelekea mashariki mita 465 kila sekunde. Ishara husafiri milisekunde 67 hadi 86, na ndani ya muda huo umesogea mita 31 hadi 40. Wapo wanaosema basi nuru ya kutoka mashariki ina kasi zaidi. La. Ni mita 299,792,458 kwa sekunde kutoka kila upande. Wewe ndiye uliyesogea ishara ikiwa njiani. Programu inayosahau hilo hukuweka mita 30 na kitu mashariki ya ulipo. Ili uone kosa hilo unahitaji umbali ghafi wa kila setilaiti, yaani kabla haujasahihishwa, na NEO-6M haiutoi. NEO-M8T, moduli nyingine ya u-blox, inautoa, ila ni ghali zaidi. Kabla ya kuinunua, jaribu kwanza simu yako: Android nyingi kuanzia toleo la 7 hutoa vipimo hivyo kupitia programu ya bure ya GnssLogger.