Uzoefu wangu: uanachama wa kikundi cha mjadala wa siasa

Nakipa nyota nne kati ya tano. Kabla sijaeleza nyota ya tano imekwama wapi, niweke wazi ninachokizungumzia. Si chama cha siasa, si timu ya kampeni, wala si kijiwe cha kusimuliana habari za wakubwa. Ni kikundi cha watu 8 hadi 14 wanaokutana mara mbili kwa mwezi. Kila kikao kina waraka mmoja wa umma: muswada, sura ya bajeti au ripoti ya ukaguzi. Wanausoma, wanaubishania, kisha wanaandika ukurasa mmoja wenye yale waliyokubaliana na yale waliyoshindwa kukubaliana.

Kwanza gharama, maana hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Kikao ni dakika 90, lakini waraka wenye kurasa 40 unataka saa tatu za kusoma kwa kalamu mkononi. Vikao viwili vinakula saa tisa kwa mwezi. Ukiwa kwenye zamu ya kuandika, ongeza saa tatu nyingine. Asiye na saa hizo atakuwa anakuja bila kusoma, na mtu ambaye hajasoma huchangia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Faida ambayo siipati kwingine ni hii: nina watu ambao swali langu haliwachoshi. Anayefuatilia siasa kwa dhati huwa mpweke kuliko anavyokiri. Nyumbani wamemsikia vya kutosha, na kazini anaulinda mdomo wake. Kwenye kikundi kizuri unaweza kuuliza kwa nini fungu fulani limehamishwa kutoka wizara hii kwenda ile, na watu watatu wakafunua karatasi zao kutafuta. Sauti ile ya kurasa zinazofunuliwa, kwangu, ndiyo maana ya kuwa mwanachama.

Chombo kinachofanya kazi kubwa kuliko vyote ni daftari la madai. Ukurasa umepigwa mistari, una safu nne: dai lenyewe kwa maneno yaliyotamkwa, chanzo, namba ya ukurasa, na hali yake, yaani limethibitika, limekanushwa au linasubiri. Tuchukue mfano wa dai, "bajeti ya elimu imepanda kwa asilimia 10." Limeandikwa, chanzo kipo, namba ni sahihi. Hapo mwanachama mmoja anauliza mfumuko wa bei. Ukiwa asilimia 7, ongezeko halisi linashuka hadi kama asilimia 2.8, kwa sababu unagawa 110 kwa 107. Mwingine anauliza idadi ya wanafunzi. Ikiwa imekua kwa asilimia 4, fedha kwa kila mwanafunzi zimepungua kwa asilimia 1 na ushee. Kisha anakuja wa tatu na swali linalouma zaidi: hiyo asilimia 10 ni ya makadirio yaliyopitishwa, fedha zilizotolewa na hazina, au matumizi halisi? Hayo ni mambo matatu tofauti, na mara nyingi anayesifu na anayelaani wanatumia namba moja bila yeyote kati yao kujua ni ipi kati ya tatu hizo. Nusu saa ya kazi ya namna hiyo hubadilisha kabisa jinsi unavyosikiliza hotuba. Hutamwamini tena msemaji, hata wa upande wako, anayetaja asilimia bila kusema ni asilimia ya nini.

Utaratibu wa kikao usiwe mgumu, lakini uwepo. Waraka utumwe siku tano kabla, aya zikiwa na namba. Mtoa mada apewe dakika 10, mchangiaji dakika 3, na asiyeongea apewe nafasi kabla ya yeyote kurudia. Anayepinga arudie kwanza hoja ya mwenzake mpaka mwenye hoja akubali, "Ndiyo, hicho ndicho nilichosema." Sharti hili huudhi sana vikao viwili vya mwanzo. Vumilieni. Sehemu kubwa ya ubishi huishia hapo hapo, kwa kuwa watu hugundua walikuwa wanapinga kitu ambacho hakuna aliyekisema. Benjamin Franklin, mchapishaji ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waasisi wa Marekani, na wenzake wa Junto, kikundi cha mijadala kilichoanza Philadelphia mwaka 1727, walikwenda mbali zaidi: waliweka faini ndogo ya fedha kwa anayezungumza kwa uhakika uliopita kiasi au anayempinga mwenzake moja kwa moja. Faini siipendekezi, huleta kinyongo. Ila wazo lililo nyuma yake ni sahihi, na kikundi kinaweza kulishika kwa kumtaka kila msemaji aseme "najua", "nadhani" au "nimesikia" kabla ya dai lake.

Sasa yanayoharibika, na hapa nitakaa kidogo.

Hatari ya kwanza ni kwamba watu wenye mawazo yanayofanana wakijadiliana, huwa hawarudi katikati. Wanasogea mbali zaidi upande walioelekea tayari. Watafiti wa saikolojia Serge Moscovici na Marisa Zavalloni walionyesha hili mwaka 1969 kwa wanafunzi wa Ufaransa: baada ya majadiliano, waliokuwa wanampenda Charles de Gaulle, rais wao wa enzi hizo, walizidi kumpenda, na mtazamo wao juu ya Wamarekani, ambao haukuwa mzuri, ukazidi kuwa mbaya. Hakuna aliyewadanganya. Kila mmoja alisikia tu sababu mpya za kuamini alichokuwa anaamini. Kwa hiyo kikundi cha watu 10 wa upande mmoja hakitaponywa na nia njema. Kinahitaji angalau wawili wanaotofautiana kwa dhati, na nasema wawili kwa makusudi. Majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950 yalionyesha kuwa mtu mmoja akizungukwa na wengi wanaotoa jibu lililo wazi kuwa si sahihi, hufuata jibu lao karibu mara moja katika kila tatu. Akipata mwenzake mmoja tu anayesema ukweli, kufuata mkumbo kunapungua sana. Mpinzani wa peke yake kwenye kikundi atanyamaza, halafu ataondoka, na wenzake watasema alikosa uvumilivu.

Dawa ni rahisi: kabla mjadala haujaanza, kila mtu aandike msimamo wake kwenye kipande cha karatasi na akikunje. Karatasi zifunguliwe mwishoni. Mkiruka hatua hii, wa kwanza kuongea ndiye atakayeamua matokeo, hasa akiwa mzee au msomi.

Hatari ya pili ni ujumbe wa usiku. Kikao kimeisha vizuri, watu wameagana, kisha saa nne usiku mmoja anatuma sentensi kali kwenye simu. Maandishi hayana uso wala sauti, na kila anayejibu anaongeza chumvi. Kanuni ninayoiona inafaa: ujumbe baina ya vikao ni wa nyaraka, tarehe na masahihisho tu. Hoja zinasubiri kikao. Na kikundi kisipokee wageni zaidi ya wawili kwa mwezi, kwa kuwa wakija watano kwa pamoja wataleta desturi zao kabla hawajajifunza zenu.

Kuna pia suala la majina. Kumbukumbu za kikao ziandike hoja, zisiandike nani alisema nini. Thomas Hardy, fundi viatu wa London aliyeanzisha London Corresponding Society, chama cha watu wa kawaida waliodai mageuzi ya bunge, mwaka 1792 kwa ada ya peni moja kwa wiki, alikamatwa mwaka 1794 akashtakiwa kwa uhaini, na nyaraka zake zikachukuliwa. Mahakama ilimwachia huru. Wanachama wengi hawatafika huko, lakini kuna ajira na undugu unaoweza kuvunjika kwa sentensi moja iliyobebwa nje ya chumba. Usalama wa mwenzako ni sehemu ya ada yako.

Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya kitu ambacho hata vikundi vizuri havijakitatua. Ukikaa muda mrefu, wanachama wanakuwa watu wako. Wanakuja msibani, wanakuulizia ukiugua. Hilo ni jema, na nalithamini kuliko daftari lote la madai. Lakini kuanzia hapo, kubadili mawazo kuna bei. Unahesabu nani atakasirika kabla hujahesabu ushahidi. Nimeona kuwa kinachosaidia kwa kiasi ni kuwa na kipengele cha kudumu kwenye ajenda, dakika 5 za mwisho, ambapo yeyote anaweza kusema, "Kuhusu jambo fulani nilikosea, na kilichonibadilisha ni aya hii." Hakuna kujibu wala kupiga makofi. Katibu anaandika tarehe, jambo na aya. Mwenyekiti au mwanachama mkongwe aanze, maana mgeni hatathubutu akiwa wa kwanza.

Kwa anayefikiria kujiunga: hudhuria vikao viwili ukiwa msikilizaji kabla ya kukubali chochote. Uliza nani analipia ukumbi na karatasi. Uliza waliojitoa mwaka uliopita wako wapi, na kama bado wanasalimiana na waliobaki. Kisha omba uone kurasa za kipengele kile cha mwisho cha ajenda. Kama kikundi kina mwaka mzima na kurasa hizo ni tupu, usilipe ada, tafuta kingine.